Papa Alisema Iko Esansi

Mimi ni mwalimu wa kemia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonichoma zaidi. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya wanafunzi wa sekondari hapa Kisangani, chaki mkononi, nikiwaeleza tofauti ya esansi, yaani petroli, na mazout, yaani dizeli, ipi nyepesi, ipi nzito, ipi inashika moto kabla hujapuliza. Nao wanaandika. Halafu asubuhi moja, jua limeshatoka, akili zangu zote kichwani, nikamimina esansi ndani ya gari linalokunywa mazout.

Wako watu waliofanya kosa hilo hilo na leo wanalisimulia huku wanacheka. Mimi silisimulii. Kosa lenyewe lilikwisha siku ile ile, gari likapona. Kilichobaki ni maneno niliyosema baadaye, na yale niliyoyanyamazia.

Papa, yaani baba yangu, alizaliwa Yanonge na maisha yake yote alikuwa motoristi, yule anayekaa nyuma ya pirogue, mtumbwi mrefu wa mto, na kuishika mota, Kisangani mpaka Isangi, Isangi mpaka Kisangani. Mota hizo hazinywi esansi tupu. Unaichanganya na huile, yale mafuta mazito ya injini, kwa kipimo chake. Ikipungua mota inaungua, ikizidi inatoa moshi njia nzima na watu wa ufukweni wanakucheka. Papa hakupima kwa kikombe. Alipima kwa pua.

Macho yalipoanza kumfunga, mtoto wa jicho huku na huku, aliacha mto akaja kukaa nasi mjini, Mangobo. Pua haikustaafu. Wenye pirogue walimfuata hadi uani kwetu, kila mmoja na kifuniko cha chupa chenye esansi kidogo aliyotaka kununua. Papa alichovya kidole, akakisugua na kidole gumba, akakiinua puani na kufumba macho, ingawa hata yakiwa wazi hayakumwonyesha kitu. Halafu alisema, "Hii iko muzuri," au, "Hii batu bametia petroli ya taa ndani." Basi. Hakuna aliyebishana. Niliwaona watu wawili waliokuja wanatukanana, wakaondoka wakisaidiana kubeba bidoni moja, dumu la mafuta. Wakati mwingine walimwachia samaki, wakati mwingine asante tu, na ile asante ilimshibisha kuliko samaki. Mtu asiyeona, anayeshikwa mkono kwenda chooni, bado alikuwa na kitu ambacho mji mzima ulikuja kukiomba.

Nami lazima niseme jambo ambalo sikuwahi kulisema nyumbani. Harufu hiyo niliichukia tangu utoto. Shuleni walikuwa wananiita Bidoni, kwa sababu nguo zangu zililala chumba kimoja na mafuta ya papa. Nilioga kabla ya masomo, nikajisugua majani ya ndimu, na bado waliniita Bidoni. Nilipopata mshahara wa kwanza, kabla ya viatu, nilinunua manukato. Mpaka leo sitoki bila manukato. Nilimpenda papa, lakini nilimwonea haya, na nadhani alijua.

Nyuma ya nyumba tuna jiko la mbao, na kwenye pembe yake zilikaa bidoni mbili za manjano, sawa kama mapacha. Moja ilikuwa ya papa, esansi iliyokwisha kuchanganywa, akimwekea mdogo wake ambaye bado anaendesha pirogue ya Isangi. Ya pili ilikuwa mazout ya gari, tuliyonunua kwa mama mmoja mwenye meza na parasoli, mwavuli wa jua, kwenye njia panda ya mtaa wetu. Watu wa mto wana alama zao. Bidoni ya mota hufungwa shingoni kipande cha wavu wa samaki uliochakaa, ili mtu aitambue kwa kugusa, hata gizani, hata mvua ikinyesha, hata kama hana macho. Kila nyumba ya Yanonge inajua hivyo.

Siku moja kabla ya safari nilifagia jiko. Niliona kipande cha wavu, kichafu, kinanuka. Nikakikata nikakitupa jalalani. Mimi, niliyekulia katika nyumba ya mtu wa mto, nikakiona kuwa ni takataka.

Safari yenyewe ilikuwa ya papa. Tulikuwa tumempatia nafasi Kinshasa kwa daktari wa macho, baada ya kungoja sana. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa ameniachia gari lake uani alipokwenda kazini Isangi, nimpeleke mzee uwanja wa ndege wa Bangboka. Papa aliamka kabla ya jogoo. Alivaa koti lake moja la sherehe, akakaa kiti cha mbele, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Mimi nilivaa shati jeupe, maana uwanja wa ndege ni mahali pa kuonana na watu. Nikajipulizia manukato. Ndipo nikakumbuka kwamba tanki iko karibu tupu.

Nikaingia jikoni, nikatoa bidoni iliyokuwa karibu. Nikashika chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, nikaisimamisha kwenye mdomo wa tanki, nikaanza kumimina huku nimejivuta nyuma, mikono mbali na shati, uso pembeni. Ile huile huipaka esansi rangi, ikawa nyeusinyeusi kama mazout. Ningeinama kidogo tu ningejua. Lakini niliogopa kunuka.

Dirisha la papa lilikuwa wazi.

"Mutoto yangu," akaniita, "ile harufu iko ya esansi."

"Hapana, papa. Iko mazout."

"Mi nasikia esansi. Na huile kidogo ndani."

"Iko koti yako, papa. Ile koti inanuka esansi tangu zamani."

Nilisema nikicheka, ule utani wa kumfunga mtu mdomo. Papa akainua mkono wa koti, akaunusa taratibu, kwa adabu, kama nilivyomwagiza.

"Koti iko na naftaline, ile dawa ya nguo," akasema.

"Papa, mimi niko prof wa chimie. Tuende, tusikose avion."

Akarudisha mikono magotini. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limekwisha kuzikwa.

Mwanzo gari lilikwenda vizuri, kwa mazout iliyobaki kwenye mipira ya kupitishia mafuta. Nilikuwa hata ninapiga mluzi. Tulipoziacha nyumba za mwisho na kushika barabara ya Bangboka, injini ikaanza kugonga, kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko. Moshi mweupe ukatufunika. Gari likarukaruka mara mbili tatu, likazima. Nikawasha, likakohoa. Nikawasha tena, halikujibu.

Papa alikaa mikono juu ya magoti. Nilisimamisha pikipiki ya abiria, tukampakia papa katikati, mimi nyuma na sanduku juu ya paja, miguu yangu inaburuta vumbi. Shati lilikwisha kuwa la rangi ya barabara. Tulipofika, mlango wa abiria ulikuwa umefungwa, na mfanyakazi wa pale alinitazama tu akatingisha kichwa. Tukasimama kando ya ua. Mngurumo ukaanza upande wa kule, ukakua, ukapita juu yetu.

"Ile iko yetu?" papa akauliza.

"Ndiyo, papa."

"Bon," akasema. Akabaki amegeuza uso juu, akaufuata mngurumo mpaka ukaisha kabisa, halafu akanyoosha mkono ili nimshike turudi.

Tulirudi kwa pikipiki ile ile, yeye akapelekwa mpaka nyumbani, mimi nikashukia penye gari kumngoja fundi niliyemwita kwa simu. Alikuja, akafungua kichujio, akanusa, wala hakuhitaji hata kuchovya kidole.

"Prof, hii iko esansi ya pirogue. Huile iko ndani. Nani ametia?"

"Sijui," nikasema.

Akanitazama usoni, akanitazama shati, akarudi kwenye kazi yake. Alimwaga tanki yote, akaosha mipira, mimi nikaenda nyumbani kwa mlango wa nyuma kuchukua bidoni ya pili, ile ya mazout ya mama wa njia panda. Gari likawaka kwa mazout hiyo, likanirudisha Mangobo bila hata kukwama. Sauti yake ilikuwa safi.

Njiani nilitunga uongo wangu. Nilikuwa na nafasi ya kuutunga vizuri, na nikautunga vizuri. Nikisema esansi, kila mtu atakumbuka bidoni ya pirogue, na papa atasema kwamba aliniambia mara mbili. Lakini maji hayanuki. Mazout yenye maji ni jambo la kila siku katika mji wetu, hakuna atakayeuliza mara mbili, na kosa litakuwa la aliyeuza. Nilijiona mjanja.

Nilipoingia uani, mke wangu na majirani walikuwa wamemzunguka papa. Wakaniuliza fundi amesema nini.

"Maji," nikajibu. "Mazout ya yule mama ilikuwa na maji."

Majirani wakapokea kama wimbo wanaoujua. Huyu alisema alimshuku mama huyo siku nyingi, yule akasema hata ya kwake ilikuwa na maji, ingawa hana gari wala jenereta. Papa alingoja wamalize.

"Maji?" akauliza.

"Maji, papa."

"Sasa ile esansi mi nalisikia wapi?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Neno moja lingetosha, tena pale palikuwa na watu wanaonipenda, wangecheka, na jioni tungekula. Lakini walikuwa wananitazama, na mimi ni prof.

"Papa," nikasema, kwa sauti ya upole, ule upole ambao hata leo nikiukumbuka natamani kujizaba kofi, "miaka iko inaenda. Macho kwanza, kisha pua."

Akatikisa kichwa polepole. "Donc njo vile," akasema, yaani basi ndivyo ilivyo. Akaomba maji ya kunywa.

Kesho yake, alipolala baada ya kula, nilijaza bidoni yake upya. Nilinunua esansi, nikatia huile kwa hesabu niliyoifanya kwenye karatasi, nikatafuta kipande cha wavu, nikakifunga shingoni. Mdogo wake alipokuja kutoka Isangi kuichukua, papa alifungua kifuniko kama kawaida, akachovya, akanusa. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu, nikisahihisha madaftari.

"Huile imezidi," akasema. Akanusa tena. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyepotea kwenye njia ya kwao. "Ama ni mimi. Chukua tu."

Mdogo wake akachukua. Mota ilitoa moshi mpaka Isangi, ufuko mzima ukamcheka, na safari iliyofuata akamtania papa mbele ya watu: "Yaya, mukubwa yangu, sasa umezeeka kweli. Umetuchoma kama samaki." Papa akacheka nao. Tangu siku hiyo hakuchanganya tena.

Yule mama wa mazout alikuja mwenyewe. Wateja walikuwa wamemkimbia, na meza yake alikuwa ameisogeza mbali, karibu na mtaro. Hakuja kugombana. Alikuja na kifuniko cha mazout mkononi, amekishika kwa vidole viwili kisimwagike, akapiga magoti mbele ya kiti cha papa.

"Papa, batu banasema natia maji. Maji ikiingia na uchafu, wewe utasikia. Sikia, useme mbele yabo. Wewe ukisema, batakubali."

Alikuwa na haki ya kuja. Hivyo ndivyo mambo yalivyomalizwa uani kwetu, kwa papa na kidole chake. Majirani walikuwa wamekwisha kusogea. Papa hakunyoosha mkono.

"Mama, unisamehe," akasema. "Pua yangu imekufa. Ile siku nalisikia esansi penye haikuwako. Nikikusemea leo, nitakuwa nasema uongo."

Mama akageuza macho akanitazama mimi. Sijui alikuwa anatafuta nini kwangu, labda mtoto wa mzee amtie mzee moyo. Nikainamia daftari la mwanafunzi. Swali lilikuwa kuhusu mafuta. Nikaweka alama nyekundu ya kosa mahali palipokuwa sahihi. Mama akainuka, akamwaga mazout yake pembeni, akaenda.

Baada ya hapo walikuja wenye pirogue wawili watatu, papa akawarudisha kwa maneno yale yale, halafu hawakuja tena. Kiti kilibaki uani, naye juu yake.

Tulipata nafasi nyingine Kinshasa, safari hii tukaenda uwanjani kwa gari la mtu mwingine, na alirudi anaona kwa jicho moja, vizuri kabisa. Nyumba ilifurahi. Aliwatazama wajukuu mmoja mmoja, akasema mke wangu amenenepa, akaambiwa akome. Nikajiambia, haya, furaha hii imelifuta lile. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imefika karibu mwaka mzima, nami nilitembea juu yake kila siku kwenda shule na kurudi.

Ila kulikuwa na sabuni. Kila asubuhi papa alipokwenda kunawa, aliinua kipande cha sabuni puani, akakishikilia pale muda mrefu, kabla ya kukilowesha. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya mlango nafunga vifungo vya shati, nikamsikia anamwuliza binti yangu wa miaka saba:

"Hii sabuni inanukia?"

"Inanukia sana, koko," mtoto akamjibu babu yake.

"Inanukia nini?"

"Maua."

"Mm," papa akasema. "Mimi pia nasikia maua. Nalitaka tu kujua kama iko kweli."

Vifungo vikanishinda. Nilimtuma mtoto kwa mama yake, nikatoka na shati wazi, nikakaa chini, kwenye sementi yenye maji ya kunawia.

"Papa, haikuwa maji."

Hakuelewa. Nikaanza upya, nikaeleza kila kitu, wavu, bidoni, fundi, hesabu yangu ya huile kwenye karatasi, na yule mama akiwa amepiga magoti. Nililia, na sisemi hivyo ili nihurumiwe. Alisikiliza akiwa bado ameshika sabuni. Nilipomaliza aliigeuza sabuni mkononi, redio ya jirani ikimaliza habari.

"Ile siku, mi nalisikia esansi."

"Ulisikia vizuri, papa."

"Na huile ya bidoni?"

"Ilizidi. Ulisema kweli."

"Mwaka muzima," akasema. Jicho lake zima lilinitazama, na kwa mara ya kwanza nikatamani lisingepona. Nilingoja anitukane, anilaani, hata anipige, nilikuwa tayari. Akaweka sabuni mahali pake. "Funga shati. Tunaenda kwa yule mama."

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele. Mama alikuwa chini ya parasoli yake, kando ya mtaro, na waendesha pikipiki wachache walikuwa wameegesha hapo karibu. Papa hakusalimia kwa urefu. "Huyu iko na neno," akasema, akasogea pembeni akaniacha peke yangu mbele ya meza.

Nikasema. Sikusema kwa ufundi, nilisema kama mwanafunzi asiyejua somo, na waendesha pikipiki walizima injini ili wasikie. Mama alinisikiliza bila kukunja uso.

"Donc hakukuwa na maji?" akauliza.

"Hakukuwa."

"Prof," akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "mi nalijua hakukuwa. Wewe pia ulijua."

Akatoa kifuniko, akakijaza mazout kutoka bidoni yake, akanipita mimi na kumpa papa kwa mikono miwili.

Papa akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba, akakiinua, akafumba macho. Waendesha pikipiki wakasogea, kama watu walivyosogea zamani uani kwetu.

"Iko mazout," akasema. "Iko safi."

Halafu akafungua macho, akageuka, akanitazama. Sikuelewa anangoja nini. Mama alikuwa anangoja, wale wengine walikuwa wanangoja, na kidole cha papa kilikuwa bado hewani. Ndipo nikaelewa kwamba ananiuliza kama iko kweli. Nikainama, nikanusa kidole chake, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Wenye pirogue wamerudi uani kwetu, na meza ya mama imerudi njia panda. Papa anachovya, anasugua, ananusa, anatoa hukumu yake, kisha kila mara, kabla hajarudisha kifuniko kwa mwenyewe, jicho lake linazunguka uani kunitafuta. Zamani hakuwa na haja ya mtu. Nikiwa ndani naitwa, natoka, nainama, nanusa, natikisa kichwa. Hajakosea hata mara moja.